Ndakala na Mwezi Mkubwa

Ulimi ndio uliomponza Anjelani. Alipoolewa tu, alimtumia salamu mama mkwe wake, Mama Wilondja, kule mlimani Lubondja: "Mama, shuka Lweba Jumapili, nitakupikia ndakala mbichi." Watu wa mlimani ndakala, dagaa wa ziwani, huwafikia kavu, kwa hiyo mama alifurahi kweli.

Lakini Jumamosi jioni mwezi ulichomoza nyuma ya rasi ya Ubwari, mviringo kama sahani, na wavuvi wakalala nyumbani. Ndakala hufuata taa ya mtumbwi; mwezi ukiwaka, taa haina kazi.

"We mutoto wa ziwa, haukuangalia mwezi?" dada yake Divine alimcheka. "Loweka kavu, atajua wapi?"

Anjelani akaona aibu kuanza ndoa kwa uongo. Asubuhi alichuma lenga-lenga, mchicha wa huko, kwenye bustani ya mtoni, akazipika na nyanya za kiangazi, bilinganya changa na mawese, akasonga bugali.

Mama Wilondja alifika na vumbi la njia miguuni, akafunua sufuria. "Ndakala iko wapi?"

"Mama, mwezi iko mukubwa. Haiko hata moja," Anjelani alijibu, macho chini.

Mama akanawa mikono. Alikula, akaongeza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Giza itarudi lini?"

"Kisha wiki mbili, Mama."

"Basi unitandikie mukeka, mukamwana. Sirudi mulimani bila kuzikula. Na kesho, ongeza pilipili."