Gauni la Nane

Jumanne asubuhi Delphine Mukuka alipiga pasi gauni la nane, akalifunga ndani ya gazeti, akatoka mtaani kwake Kamalondo kwa miguu. Alikuwa fundi wa cherehani, na kila mwaka alimshonea bintiye Wivine gauni la umri wake. Saba yaliyotangulia yalikuwa sandukuni, hayajavaliwa hata mara moja.

Serikali ya kikoloni ilimchukua Wivine mwaka 1946, akiwa na miaka sita, ikamweka katika kituo cha watoto. Baba yake alikuwa Mbelgiji, alisharudi kwao, na sheria iliwaita watoto wa namna hiyo watoto walio hatarini. Hatari yenyewe ilikuwa mama. Kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, kifungu cha saba kilisema mtoto atarudishwa akifikisha meta moja na nusu. Ndani ya ukuta wa kituo hakuna mtoto aliyekua. Meno mawili ya mbele yaliyomng'oka Wivine mwaka ule yalikuwa bado hayajaota.

Jumanne hiyo waheshimiwa watatu wa serikali walikuja kuipitia upya sheria. Delphine aliwangoja langoni.

"Bwana, mutoto yangu alishakomala," alisema. "Muache atoke inje kidogo, mutaona."

Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa haki, akaruhusu, askari wawili wakasimama pembeni. Wivine akavuka kizingiti. Mifupa ikalia kama mlango mkavu, meno yakaota, na barabarani akasimama msichana wa miaka kumi na minne, amemzidi mama yake vidole viwili. Delphine akamvalisha gauni. Lilimkaa sawasawa. Karani wao, Anaclet, akapima: meta moja na sentimeta sitini na mbili. Akaandika.

Waheshimiwa wakanong'onezana. Kifungu, walisema, hakikutaja mahali pa kupimia, na hilo ni pengo. Wakaliziba palepale: mtoto apimwe ndani ya kituo. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikuwa na meno upande mmoja.

"Rudia mu nyumba, mutoto," Anaclet alisema, bila kuinua macho.

Wivine akarudi ndani, gauni likamwangukia miguuni. Akalikunja mwenyewe, akalipitisha kwenye nondo za lango.

"Ya mwaka kesho utie mifuko, mama."

"Nitatia," Delphine alisema. Akalipokea gauni, akalifunga tena ndani ya gazeti.

Ripoti ilikisifu kituo: kwa miaka minane hakuna mtoto aliyehitaji viatu vipya. Delphine akashona gauni la tisa, mifuko miwili, akilipima kwa mwili wake mwenyewe na kuongeza vidole viwili.