“They” ni Wangapi?

Kambi ya wanariadha ya Kocha Kiprop, kule Kaptagat, ilikaa miaka tisa bila sheria hata moja iliyoandikwa. Kocha akisema jambo, limesemwa. Lakini mwaka huu kampuni ya viatu ya ng'ambo iliyokubali kuwafadhili ilituma barua: tunataka kuona sheria za kambi, kwa Kiingereza, zimebandikwa ukutani. Kocha akawasha pikapu, akateremka hadi Langas kumtafuta Mwalimu Nicanor Lusweti.

Mwalimu Nicanor alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na kalamu nyekundu alistaafu nayo. Kocha mwenyewe alikuwa amepitia mikononi mwake. Tangu arudi nyumbani hakuna mtu aliyekuwa amemwomba hata koma. Aliposikia shida iliyomleta Kocha, aliingia chumbani kuvaa tai kwanza, ndipo akatoka kusema amekubali.

Akaandika sheria kumi na moja. Ya nne ilisema mwanariadha bora wa mwezi atapewa viatu vipya, “which he shall keep”. Ya saba ilisema atakayechelewa mazoezi ya alfajiri ataosha vyombo vya jioni “before he sleeps”. Zikabandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kulia, zikapigwa picha, picha ikatumwa ng'ambo, kila mtu akazisahau.

Kila mtu isipokuwa Jerop. Jerop alikuwa nahodha wa wanawake pale kambini, binti mpole asiyepoteza neno, na yeye pia alikuwa ameketi mbele ya ubao wa Mwalimu Nicanor. Siku moja alikuwa ameenda kwao kumwona mamake, akarudi kambini wenzake wameshakimbia na kuoga. Jioni akala ugali wake, akamshukuru mpishi, akasogea karibu na jiko na kikombe cha chai.

“Jerop, vyombo,” Kocha akamwambia.

“Sheria imesema he, Kocha. Mimi si he.”

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Jerop akaendelea kunywa chai. Vyombo vikalala vichafu, na asubuhi Kocha akampigia Mwalimu simu.

Mwalimu alifika jioni hiyo, na tai yake, akasimama mbele ya meza kama zamani. Akaeleza kwamba katika Kiingereza “he” akiwa peke yake ni mwanamume, lakini akiwa kwenye sheria humeza na wanawake pia.

“Sawa, Mwalimu,” Jerop akasema. “Basi mwezi uliopita pointi nyingi zilikuwa zangu. Viatu vilienda kwa Munene. Nilipouliza, Kocha alinisomea sheria ya nne, akaniambia ni he. Mbona kwa viatu hakunimeza?”

Munene, kijana wa Nyahururu mwenye miguu mirefu na maneno mengi, akavuta miguu yake polepole chini ya benchi.

“Vilikuwa saizi arobaini na tatu,” Kocha akasema, akiangalia dirishani. “Vingekufaa wapi?”

Mwalimu hakuwa na habari ya viatu. Aliona haya, na ilikuwa haya ya ajabu kwa sababu hakuwa amekosea sarufi popote. Akaomba karatasi, akaandika upya: “he or she”. Akamwahidi Jerop kwamba Kocha ataandikia kampuni kuhusu viatu, na Kocha, akitazamwa na watu ishirini na wawili, akasema ataandika. Jerop akainuka, akaosha vyombo vya siku mbili bila kinyongo.

Wiki haijaisha, Munene akapitiwa na usingizi, akachelewa mazoezi. Jioni akajikuna kidevu mbele ya ukuta.

“Hapa imesema he or she. Yaani mmoja wao. Mimi nachagua she.”

Mwalimu aliitwa tena. Njia nzima, kwenye pikapu ya Kocha, alikuwa akinung'unika kwamba lugha haina kosa, kosa ni la watu. Na kweli, mle chumbani hakuna aliyezaliwa na “he” wala “she” mdomoni. Kikalenjin cha Kocha hakimjui, Kikuyu cha Munene hakimjui, Kibukusu cha Mwalimu hakimjui. Kocha akiongea Kiingereza hata mkewe humwita “he”, na mke hajawahi kulalamika.

“Andika they,” Jerop akasema.

Mwalimu akaweka kikombe chini. “They ni wengi.”

“Siku hizi hata vitabuni wanaandikia mtu mmoja.”

“Wanaoandika hivyo hawakufundishwa na mimi.”

“Nilifundishwa na wewe. Form Two niliandika ‘everyone has their own burden’. Ulinitoa maksi mbili.”

“Na leo ningekutoa.”

Hapo mlango ukabishwa. Kocha, aliyekuwa amechoshwa na mambo haya, akauliza ni nani tena saa hizi. Mwalimu, mawazo yakiwa kwenye karatasi, akamjibu kwa Kiingereza kilichomtoka chenyewe: “Go and see what they want.”

Alikuwa mtu wa maziwa, peke yake, na mtungi mmoja. Jerop alimtazama tu Mwalimu, na Mwalimu akatazama mtungi. Moyoni alijisikia kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani. Miaka thelathini na minne, na neno lenyewe lilikuwa likiishi mdomoni mwake bila kulipa kodi.

Akachukua kalamu. Akaandika “they”, mkono mzito, akaandika na maksi mbili kwenye pembe ya gazeti lililokuwa mezani, akaichana na kumpa Jerop. Jerop akakunja kile kipande, akakitia mfukoni, akageuka upande kuficha uso.

Munene alichelewa tena Ijumaa, na wengi waliamini safari hii alikusudia. Mwalimu alikuwa amealikwa kula, kwa hiyo aliyaona yote kwa macho yake.

“They,” Munene akasoma. “Wao. Nikichelewa mimi, wao wataosha. Si mimi niliandika.”

“Hiyo ni mtu mmoja,” Jerop akasema.

“Hapana,” Kocha akakata. Alikuwa amesimama wima kama mtoto wa darasani aliyeulizwa swali analolijua. “Mwalimu alitufundisha. They ni wengi, hakuna mjadala. Sheria ni sheria. Wote twende.”

“Kiprop, keti,” Mwalimu akasema. “They hapa ni mmoja. Inaweza kuwa mmoja. Ilikuwa mmoja hata kabla mimi na wewe hatujazaliwa, ni mimi nilikataa.”

Lakini Kocha alikuwa ameshakunja mikono ya koti. Watu ishirini na wawili, kocha, mpishi na mwalimu mstaafu wakasongamana kwenye bomba moja la maji baridi, sahani zikipitishwa mkono kwa mkono. Mwalimu alipewa vikombe vya kupangusa. Tai yake ililowa hadi fundo. Alivunja kikombe kimoja, akacheka mpaka akashika ukuta, na alipojaribu kukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo, hakukumbuka.

Kazi ilipokwisha alirudi mezani, akaomba karatasi nyingine. “Hizi za Kiingereza ziacheni ukutani, wafadhili wazione,” akasema. “Tutakazofuata ni hizi.” Akaandika: Atakayechelewa mazoezi ataosha vyombo vyote. Mwanariadha bora wa mwezi atapewa viatu vinavyomtosha.

Kocha akasoma akitingisha kichwa. “Na hapa ni mwanamume au mwanamke?”

“Ni aliyechelewa.”

Barua kwa kampuni iliandikwa usiku huohuo, Jerop akisimama nyuma ya kiti cha Kocha, na mwezi uliofuata vikaja viatu saizi thelathini na nane. Jerop alivivaa hadi kanisani.

Munene naye alichelewa Jumanne moja. Jioni alisimama mbele ya karatasi ya Kiswahili muda mrefu, akaisoma, akairudia kwa kidole, akitafuta mahali pa kupenya.

“Mwalimu,” alimpigia simu mwishowe, “sufuria ya ugali ni chombo?”

“Ni chombo.”

“Na mwiko?”

“Na mwiko.”

Kisha Mwalimu Nicanor akasikia, kutoka huko Kaptagat, bomba likifunguliwa.