Beki Aliyegeuza Shingo

Kufikia Alhamisi goti la Salvatory lilikuwa limegoma. Alivuta kreti tupu la soda, akaliweka pembeni ya uwanja, akakaa na kuwatazama vijana wakikimbia katika vumbi la Julai. Alikuwa kocha msaidizi wa Ntuzu Rangers, timu ya daraja la kwanza ya pale Bariadi, na wiki hiyo alipewa kazi moja tu: awapime mabeki vijana, kisha amwambie kocha mkuu nani asajiliwe na nani arudi kwao.

Mpira wenyewe bado aliupenda. Kilichomchosha ni yale macho ya vijana baada ya mazoezi, jinsi walivyopita karibu naye taratibu, wakiinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa, ili mradi wapate kuulizwa neno.

Nafasi ya beki wa kati ilikuwa imebaki moja, na walioigombea walikuwa wawili. Mahona alitoka Bukundi, huko Meatu. Alikua akichunga ng'ombe, na alikuwa na kifua kipana na haraka nyingi. Aliuvamia mpira kama anayezuia ndama asiingie shambani kwa mtu. Mara nyingi aliufikia. Mara nyingine ulimpita, akabaki ameshika kiuno.

Mwingine alikuwa Ndaki, wa Ipililo, wilaya ya Maswa. Salvatory mwenyewe ndiye aliyemwona kwenye bonanza la mavuno na kumleta timu ya vijana. Ndaki hakuwa na haraka. Alikuwa akifika mahali kabla ya mpira, anausubiri, anautoa kwa pasi fupi kana kwamba hakuna aliyekuwa akimkimbiza.

"Huyu usinijadilie," alisema Danford, kocha mkuu, akisimama nyuma ya kreti. Alikuwa ametoka Dar es Salaam msimu uliopita na bado alilalamikia vumbi. "Ndaki anabaki. Tafuta sababu nzuri ya kumwambia yule mchunga ng'ombe."

Salvatory aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka, na angeweza kuliacha jambo likaishia hapo.

Lakini jioni ile, kwenye mechi ya wao kwa wao, krosi ilipigwa kutoka upande wa kulia, na Ndaki akageuza shingo yote, kidevu mpaka begani, ndipo akaruka. Akautoa. Wenzake wakapiga makofi. Muda si mrefu ikapigwa nyingine kutoka upande uleule, akageuka vilevile. Ya kushoto hakugeuka kabisa. Aliiondoa kwa utulivu wake wa kila siku. Halafu straika mmoja alimtokea ubavuni kulia, wala hakujificha, alikimbia wazi mbele ya watu wote. Ndaki alimgundua alipogongwa bega.

Salvatory aliinuka kwenye kreti.

Mazoezi yalipokwisha alimwita Ndaki wakusanye koni pamoja. Wakatembea. Salvatory akiwa upande wa kushoto alinyoosha chupa ya maji, na kijana akaipokea kabla mkono haujanyooka sawasawa. Wakaendelea na koni. Walipogeuka kurudi, Salvatory akawa kulia. Akanyoosha tena chupa, karibu kabisa na shavu. Ndaki aliendelea kutembea, akiongea habari za kipa.

"Ndaki."

Kijana akageuza shingo. Akaiona chupa, akamwona mzee ameishika, akaelewa. Koni zikamwanguka.

"Tangu lini?" aliuliza Salvatory.

"Nikiwa darasa la sita. Dawa ya pamba. Bomba lilipasuka nikiwa napulizia." Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa amebeba maneno hayo muda mrefu. "Mwanzo jicho lilikuwa na ukungu tu, kocha. Nilikuwa naona kidogo. Mwaka huu limezima."

"Na hukusema."

"Ningesema ungenileta Bariadi?"

Salvatory aliinama kuokota koni, goti likalia, akasimama kwa kujishikilia bega la kijana.

"Usimwambie kocha Danford," alisema Ndaki. "Nakuomba. Mimi nacheza vizuri kuliko wenye macho mawili, wewe mwenyewe umeona. Wewe ulicheza na goti bovu, Bariadi nzima inajua. Nani alikutoa?"

"Hakuna aliyenitoa," alisema Salvatory. Akakunja suruali mpaka juu ya goti, akamwonyesha lilivyovimba na kupinda. "Angalia. Mimi niliumia mguu tu. Nimebaki na wa kuchechemea. Wewe ukipigwa kiwiko kwenye hilo lililobaki, utabaki na nini?"

Ndaki alitazama pembeni. Alikuwa analia, na hakujificha.

Danford alipoelezwa akasema kile ambacho Salvatory alikiogopa. "Tucheze naye msimu huu. Tukipanda daraja tutamtafutia daktari mkubwa."

"Hapana."

"Salva, nani mwingine anajua? Mimi na wewe."

"Ndiyo maana nasema hapana. Siku akiumia, tutakuwa tulijua mimi na wewe."

"Na pale katikati nitamweka nani?"

"Mahona."

Danford alicheka bila furaha. Akafuta uso kwa fulana yake. "Haya. Mabeki ni wako. Tukifungwa, utaniambia wewe."

Hospitalini, daktari wa macho alimkalisha Ndaki kwenye kiti, akamulika, akauliza, akamulika tena. Jicho la kulia halitarudi, alisema. La kushoto ni zima, na alilinde. Mpira wa kugongana aachane nao. Ndaki alishukuru kwa sauti ndogo, akatoka.

Jumamosi Salvatory alimsindikiza kwao. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba aliyemtoa mtoto kwa mama yake ndiye anayepaswa kumrudisha.

Mama yake Ndaki, Kabula, walimkuta uani akichambua pamba, vidole vimekauka na kuchanika.

"Mwadila, mayu," alisalimia Salvatory kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibuni." Akamtazama mwanawe, akaliona begi, akaacha pamba. "Amefanya kosa?"

"Hana kosa lolote. Ni jicho."

Kabula akavuta kigoda, akamsogezea mgeni. "Jicho tunalijua," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nilidhani akifika huko mjini, mkaona anavyocheza, jicho halitakuwa neno." Aliupangusa mkono kwenye khanga. "Lakini kila mechi nilikuwa nasali. Nilijua siku moja mtu atamwangalia vizuri."

Salvatory alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga barabarani hayakuwa na kazi tena. Alikaa, akanyoosha mguu, akatazama pamba.

Walikula ugali na mlenda. Ndaki alikula kichwa chini. Kabula alitaja mambo ya shamba na mnada, akimwacha mgeni ajibu au asijibu.

Jua lilipoanza kulegea, Ndaki alimsindikiza kocha mpaka barabarani. Walisimama wakisubiri gari.

"Sijakusamehe," alisema Ndaki.

"Najua."

"Labda baadaye. Sasa hivi bado."

"Kuna kozi ya ukocha ngazi ya awali, mwezi wa tisa. Nikikuita utakuja?"

"Usiniite kwa kunihurumia."

"Nimechoka, Ndaki. Nguvu za kuhurumia watu sina. Nahitaji mtu anayeuelewa ulinzi."

Kijana alipiga kokoto teke, likaingia mtaroni. Gari likaonekana kwa mbali, vumbi nyuma yake.

"Mahona anawahi mno," alisema hatimaye. "Anamfuata straika kabla straika hajaamua. Mwambie ahesabu pumzi moja, ndipo aende. Nilimwambia, akadhani namdanganya ili nimshinde."

"Nitamwambia wewe ndiye uliyesema."

"Atakataa."

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

Gari lilisimama. Salvatory akapanda kwa shida, akapata kiti cha dirishani, akainua mkono; kijana naye akainua wake, nusu. Kabla hawajafika Maswa mjini, kocha alikuwa amelala, mdomo wazi, goti limebanwa kwenye kiti cha mbele.