Mguso Ambao Vilma Hakuusema

Vilma Bartos anasinzia mchana kweupe, tena kazini, na mtu asimseme, maana ana miaka sabini na moja na goti moja lililokataa kukunjika. Wasichana anaowafundisha mchezo wa panga nyembamba wanashindana ukumbini, naye yuko kwenye kiti cha kona, amejivika barakoa ya waya ili nzi wamwache. Ndani ya barakoa dunia yote ni vitundu. Anachungulia kimoja, kuchungulia tu, na kitundu kinapanuka kama mdomo wa chungu, kichwa kinapita, mabega yanapita, makalio yanakwama kidogo, anajisukuma, anapita.

Upande wa pili kuna njia, na njia yenyewe ni utepe wa kitambaa cheupe kama ule wa ukumbini wanaochezea panga juu yake, upana wa hatua mbili, ila huu unapanda vilima na kushuka, unajikunja, unajipita wenyewe na kuendelea. Kando yake amesimama mtu mwenye nguo nyeupe na barakoa, na Vilma anapomwinamia kumtazama haoni uso, anaona waya, na nyuma ya waya, waya tena. Bwana, namtafuta Sigrid Almkvist, yule Mswidi niliyemshinda fainali ya Olimpiki, nina neno lake. Yule mtu anamjibu, Sigrid yuko pale ulipomwacha. Nilimwacha wapi? Pale ambapo hujawahi kutoka. Vilma anasonya. Kumbe hata huku wenye akili wamekwisha, anasema, na anashika njia, goti lile lile, hatua moja na nusu, hatua moja na nusu.

Neno lenyewe ni dogo. Enzi zile hakukuwa na mashine ya kuwasha taa mtu akiguswa. Kulikuwa na waamuzi wanne wenye macho, na macho hupepesa, kwa hiyo desturi ilikuwa aliyeguswa aseme mwenyewe, kwa sauti, nimeguswa. Vilma alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anaongoza nne kwa tatu, mshindi ni wa kufika tano, na ncha ya upanga wa Sigrid ikamwingia chini ya kwapa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Waamuzi hawakuona. Vilma akalimeza lile neno. Mguso uliofuata ukawa wake, akapewa medali na maua, bendi ikapiga, na hilo neno amekaa nalo miaka arobaini na minane. Leo analitoa, hata kama njia hii itamtembeza mpaka kesho kutwa.

Njia inaingia katika bucha ya baba yake. Mzee Bartos anakata mbavu, na hapo kwenye gogo la nyama ndipo alipomfundisha bintiye kushika fimbo kama upanga, yeye aliyewahi kuwa askari wa farasi. Baba, nimepotea. Kunja goti, anasema mzee bila kugeuka, nani kakufundisha kusimama kama mlingoti? Baba, goti haliku— Nimesema kunja! Anakunja, linauma, anaendelea. Njia inapita mabwana waliomwandikia kanuni za sketi, ndefu mpaka kwenye kifundo, watazamaji wasije wakagundua kwamba mwanamke naye ana magoti. Wanampimia pindo kwa rula. Pimeni haraka, anawaambia, nina safari. Kisha njia inaingia mji uliogeuzwa kinyume, nyumba zote ni vioo, upanga umemtokea mkononi, tena mkono wa kushoto badala ya kulia, na kila mtu anampa pole. Pole, Vilma, ulipigana vizuri, Sigrid alikuzidi kidogo tu. Anaona ukutani picha ya Sigrid na medali, na moyo unamchoma, naam, bado unamchoma, kwa kuwa kuungama si kutopenda ushindi. Mwingine asiye na uso anamwuliza, ukilisema neno lako, utabaki na nini? Nitabaki na mdomo mwepesi, anasema Vilma. Nipishe.

Anapishwa. Mlango wa kioo unafunguka, na ni ukumbi ule ule wa fainali, vumbi lile lile kwenye mwanga, na Sigrid yupo, miaka ishirini, mguu wa mbele umekunjwa, bado anahema. Vilma anafungua kinywa, neno linagonga waya wa barakoa, kumbe bado ameivaa, na kurudi. Anajaribu tena, linarudi tena. Basi anaivua barakoa na kuitupa, jambo lisiloruhusiwa, anainua mkono na kuonyesha kwapa lake mbele ya ukumbi mzima. Nimeguswa! Hapa! Waamuzi wanne wanageuka kwa pamoja. Mkuu wao anasema, nne kwa nne. Umebaki mmoja.

Umechelewa, dada, anasema Sigrid.

Goti.

Mimi nimekungoja nimekunja mguu miaka arobaini na minane, wewe unanililia goti?

Vilma anacheka mpaka machozi, anakunja, na safari hii goti linakubali. Wanaruka pamoja, panga zimenyooka, na kabla ncha hazijafika, Mwalimu! Mwalimu Vilma! Jamani, umepiga kelele mpaka nimeangusha upanga, nani kakugusa? Ni wasichana wake, wamemzunguka, wanacheka. Lakini yeye hayuko kwenye kiti. Amesimama katikati ya utepe, goti limekunjika hasa, upanga mkononi, na hakumbuki kuinuka. Mbele yake kuna mmoja asiyecheka, amevaa barakoa, tayari, na sauti inayotoka kwake inasema, nne kwa nne, si umesema mwenyewe umeguswa?

Vilma hajui ni mwanafunzi wake yupi huyu, au kama ni mwanafunzi. Hajui kama ameamkia huku au kule. Anaweza kuuliza, si shida, ila haulizi. Ananyoosha mkono.

Anza, mwanangu, anasema. Ukinigusa, nitasema.