Herufi Kubwa za Bi Taipu

Fundi wa kompyuta alisimama katikati ya chumba cha matokeo, katika maabara ya hospitali, akauliza, "Haya jamani, nyepesi au nzito?" Wote wakajibu nyepesi, tena kwa mkupuo, kama watu walioulizwa kama wanataka likizo. Bi Taipu peke yake hakufungua mdomo. Alikuwa kwenye kona yake karibu na kabati la mafaili, vidole juu ya kibodi.

Niseme mapema jambo lenyewe, maana hadithi ya kuzungushana inachosha. Kompyuta za maabara ile ya hospitali zote zilikuwa za Linux, na zote kuukuu, za kustaafishwa zamani. Linux ina uungwana wake: mtambo wa ndani ni uleule, lakini ile sura ya mbele unayoitazama, yaani deskitopu, unajichagulia. Ipo nzito, yenye vivuli na madirisha yanayoteleza na vikorombwezo chungu nzima. Ipo nyepesi, kavu, isiyo na pambo hata moja, lakini inafunguka kabla hujavuta kiti ukakaa. Maabara ilikuwa ikitumia nzito. Kila asubuhi watu walibonyeza, wakaenda kunywa chai, wakarudi, wakaikuta bado inajizungusha. Mkuu wa maabara akachoka. Akaamuru nyepesi kwa wote, na anayetaka kubaki na nzito aende ofisini kwake akaeleze sababu.

Bi Taipu sababu alikuwa nayo, na ndiyo hasa aliyoogopa kuieleza. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Mwaka wa tano huo tangu ukungu ulipoanza kukaa katikati ya kila alichokitazama. Pembeni aliona vizuri tu, angeweza kukwepa meza na kushuka ngazi bila kushika ukuta. Katikati, palipo na herufi na nyuso za watu, hapakuwa na kitu. Binti yake ndiye aliyevumbua kwamba ndani ya ile deskitopu nzito kuna kikuzaji: unabonyeza vitufe viwili, skrini inavimba, herufi zinakuwa kubwa kama vidole gumba. Kuna na sauti ya kukusomea, nayo Bi Taipu aliisikiliza kwa kifaa cha sikioni alichokificha chini ya mtandio. Mtu akikaribia, anabonyeza tena, skrini inarudi kawaida, naye anajifanya hamnazo.

Kwa nini hakusema? Ulizeni kwanza baba yake alifanywa nini. Baba mtu alikuwa dereva wa lori kiwandani, akaanza kuona ukungu huohuo akiwa na miaka hamsini. Kwa kuwa alikuwa mkweli, alikwenda kumwambia bosi wake asubuhi. Saa sita mchana alikuwa amekaa kizingitini kwake, chakula alichofungiwa na mkewe hakijaguswa. Alikaa pale kizingitini miaka kumi na mmoja, mpaka anakufa. Bi Taipu alikuwa binti wa pale nyumbani, aliyaona yote. Na yeye sasa alikuwa na hamsini na moja.

"Bi Taipu, mbona umenyamaza?" Aliyeuliza ni mpokea sampuli, bwana mmoja mwembamba waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Au unalilia madoido yako? Mama huyu bila maua kwenye skrini haandiki."

Watu wakacheka. Bi Taipu naye akacheka.

"Nyepesi," akasema. "Kwani mimi nani?"

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mvi mbili tatu kidevuni. Alikwenda mashine moja baada ya nyingine, kwanza akinakili vitu fulani kwenye flashi yake, kisha akiondoa nzito na kuweka nyepesi. Alipomaliza ya Bi Taipu akasogeza kiti na kusema, "Tayari, dada. Sasa itaruka." Kweli iliruka. Bi Taipu alibonyeza vitufe vyake viwili. Skrini haikuvimba. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kucha ikalia. Mbele yake palikuwa na ukurasa wa kijivu wenye vijidudu vilivyopangwa mistari, na katikati ya vijidudu, ule ukungu.

Na kazi haikumsubiri apate nafuu. Orodha ya sukari ya asubuhi ilikuwa imeshafika: wagonjwa thelathini na tisa, majina yameandikwa na Redio kule mapokezi, na fomu zao zimepigwa picha zikaingia kwenye mashine. Kazi ya Bi Taipu ni kusoma namba kwenye fomu na kuiandika mbele ya jina. Picha za fomu aliweza kuzikuza moja moja, hilo lilimpa moyo. Lakini orodha yenyewe ilikataa kukua. Hakuona jina, hakuona mstari aliopo. Alijua tu kwamba akibonyeza kitufe cha kushukia, anakwenda mstari unaofuata.

Akajikaza kisabuni. Vidole vyangu vinajua, alijiambia. Miaka ishirini na sita vimefanya kazi hii, havihitaji macho. Fomu ya kwanza, namba, shuka. Fomu ya pili, namba, shuka. Kila aliyepita nyuma ya kiti chake alimshtua, na mara mbili alipoteza hesabu, akarudi juu kabisa na kushuka upya kwa kuhesabu mistari kimoyomoyo. Alipofika ya thelathini na tisa alikaa akikitazama kitufe cha kutuma kwa pembe ya jicho. Angemwita Redio akague. Redio angeuliza kwa nini, na Redio akijua jambo saa nne, saa nne na dakika tano limeshafika langoni.

Akatuma.

Nusu saa haikupita, fundi akarudi na kuinama karibu na bega lake, kama anayekagua waya. "Dada," akanong'ona, "samahani. Mimi kabla ya kugusa mashine huwa nanakili mipangilio ya mwenyewe, nisije nikampotezea kitu. Nilikuwa naipitia sasa hivi. Yako ina ukuzaji mara nne, ina na sauti ya kusoma."

Bi Taipu hakugeuka. "Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Hayo ni yako. Ila hii nyepesi niliyowawekea haina vitu hivyo, kwa hiyo hapa unafanya kazi gizani. Nitakurudishia nzito. Mkuu akiuliza, mashine yako imeikataa nyepesi, hizi kuukuu huwa zina vituko."

Bi Taipu akampisha kiti. Fundi akaketi, akaweka nzito. Ilichukua muda wake ule mrefu wa kawaida, inajizungusha na kujizungusha, na safari hii Bi Taipu hakuona kero. Ilipofunguka alibonyeza vitufe viwili na skrini ikavimba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuifungua ile orodha ya sukari.

Mstari wa arobaini ulikuwa mtupu.

Wagonjwa walikuwa thelathini na tisa. Wa arobaini katoka wapi? Akapanda juu mstari kwa mstari, akamkuta kwenye mstari wa kumi na nne: jina jipya, mgonjwa wa dharura, Redio kamchomeka katikati baada ya orodha kufika, fomu yake bado haijaja. Kwa macho ungeona, maana mstari wenyewe uliwekwa rangi nyekundu. Yeye alikuwa akihesabu gizani. Kuanzia hapo kwenda chini kila namba ilikuwa imekaa mbele ya mtu asiye wake, kila mtu kavaa damu ya aliye chini yake. Watu ishirini na sita. Mzee mmoja, ambaye sukari yake ilikuwa nne tu, kwenye orodha alisomeka ishirini na saba. Na mtu mwenye ishirini na saba huchomwa sindano ya kuishusha.

Macho yalimtoka pima. Alishika simu awaite wodini, akaiweka. Kanuni ya maabara ilikuwa moja na kila mtu aliijua: wodi haipokei masahihisho ila kwa mdomo wa mkuu mwenyewe. Akainuka, akakumba kiti, akakimbia kwenye korido kwa umri ule na viatu vile.

Mkuu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliposikia namba zimekaa kwa watu wasio wake hakuuliza maswali. Alikuja mbio hadi kwenye mashine, akapiga simu wodini na kuanza kuyasoma majina na namba sahihi kadiri Bi Taipu alivyomtajia, skrini ameirudisha kawaida na ile sauti inamsomea sikioni. Chumba kizima kilikusanyika nyuma yao. Walipofika kwa yule mzee, sauti ya muuguzi ikasikika kwenye simu.

"Kitanda cha saba? Huyo tumeshamchoma. Robo saa sasa."

"Kamwangalie," mkuu akasema. "Sasa hivi. Mwekeeni dripu ya sukari, usikate simu."

Simu ikabaki wazi mezani. Zilisikika nyayo, mlango, mtu akiita mzee, mzee, kisha hakuna jibu. Bi Taipu alishika ukingo wa meza. Mungu wangu, nimemuua mtu, alisema moyoni, nimemuua mtu kwa sababu ya woga wangu. Hakukumbuka kazi, hakukumbuka baba yake. Alimfikiria mzee asiyemjua, ambaye pengine ana binti yuko nje kwenye benchi na anasubiri kuambiwa aingie. Walikaa vile dakika tisa.

"Amefungua macho," muuguzi akasema hatimaye, akihema. "Anauliza nani kamlowesha shati."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa wasiwasi. Bi Taipu akaketi. Mkuu akamalizia orodha hadi jina la mwisho, akakata simu, akageuka.

"Sasa mniambie. Miaka yote hii Bi Taipu hajakosea hata nukta. Leo kimetokea nini?"

"Si hizi deskitopu mpya?" Redio akadakia. "Asubuhi zimewekwa, mchana zimechanganya watu. Mimi nilisema tangu mwanzo." Hakuwa amesema kitu, lakini ndivyo alivyo.

"Fundi," mkuu akaita. "Umeifanya nini orodha yangu?"

Bi Taipu alisubiri fundi aseme. Alikuwa na haki ya kusema, tena maneno matatu tu yangemtosha. Badala yake Bi Taipu alisikia flashi ikichomolewa na begi likifunguliwa zipu.

"Sijui, mkuu," fundi akasema taratibu. "Labda kuna mahali nimekosea. Niko radhi nizirudishe zote kama zilivyokuwa."

"Hurudishi kitu. Mtu alikuwa anakufa wodini. Kusanya vyombo vyako uondoke, na nitaandika barua kila hospitali ninayoijua, usiguse mashine ya wagonjwa tena maishani mwako."

Nyaya zikaanza kukunjwa. Ilikuwa rahisi mno, jamani, na nisidanganye, Bi Taipu alilifikiria. Mzee amepona. Skrini kubwa imerudi. Anachotakiwa ni kunyamaza, kama alivyonyamaza miaka mitano, na fundi atatoka kwa mlango ule na siri yake mfukoni. Kesho ataamka, atakuja kazini, atabonyeza vitufe viwili. Alimwona baba yake kizingitini. Akapiga moyo konde.

"Mkuu, mwache," akasema. "Orodha haikuharibika. Mstari uliongezwa, na mimi sikuuona."

"Ulipitiwa. Unatetea mtu tu."

"Sikupitiwa. Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni katikati. Herufi sizioni bila ile deskitopu nzito kunikuzia, na leo niliiacha kwa kuogopa kukwambia. Fundi alijua, akanisitiri." Akainuka kitini. "Na hapo uliposimama, mkuu, mimi sikuoni uso. Nakujua kwa sauti."

Nyaya ziliacha kukunjwa.

"Tangu lini?" mkuu akauliza.

"Mwaka wa tano huu."

Wengine wote chumbani walimtazama mkuu usoni ili wajue nini kinakuja. Bi Taipu naye aliutazama uso ule hatua mbili mbele yake, akaona ukungu, akasubiri.