Njia ya Kuzunguka Shamba

Saa nne asubuhi, mchora ramani wa idara ya mambo ya kale aliingiza picha za droni kwenye kompyuta, akaiagiza itafute njia ambayo watu wa zamani wangepita kwa urahisi kutoka kwenye mahame hadi chemchemi. Kompyuta ikapiga mstari moja kwa moja katikati ya shamba la bwana mkubwa mmoja, lililozungushiwa ua. Dakika kumi na mbili kwa mguu. Mchora ramani, dada wa watu, akashusha pumzi. Sheria ilisema njia iliyopitwa zaidi ya miaka mia lazima ifunguliwe, ua au hakuna ua, na mama yake, magoti yale mabovu, alikuwa akilizunguka shamba hilo saa nzima kila siku na ndoo kichwani.

Saa tisa alasiri mstari ukajipinda. Ukaliacha shamba, ukaufuata ua. Akaunyoosha, ukajipinda tena. Kisha wakaingia ofisini wanawake waliokufa zamani, kila mmoja na mtungi wake, wakapita kati ya meza wakifuata kona zile zile. Walikuwa hoi. Mhudumu aliwafuata na dekio akinung'unika kwamba ametoka kupiga deki sasa hivi.

Walikuja siku nne mfululizo. Siku ya nne, wa mwisho kwenye foleni alikuwa bibi yake mzaa mama, waliyemzika miaka saba iliyopita. Binti akamshika mkono.

"Bibi, piteni katikati. Mara moja tu, niandike."

"Tulijaribu, mjukuu wangu," bibi akasema, bila kutua mtungi. "Wana mbwa."

Mkuu wa idara naye alikuwa amewaona. Alisema wenye njia wameshaonyesha wenyewe, basi ripoti ifuate miguu yao, si kompyuta. Binti ilimuuma sana. Akaiandika shingo upande, akaenda nyumbani akalala na viatu.

Baada ya miezi miwili ile njia ndefu ikatangazwa urithi wa taifa, marufuku kuibadilisha. Kibao kikasimikwa kwenye kona ya ua. Jumapili walifika hapo pamoja, mama akatua ndoo, akakisoma chote taratibu, akasema kimeandikwa vizuri. Kisha akamwomba binti yake amtwike, maana walikuwa bado na nusu saa ya kuzunguka.