Dirisha la Ghorofa ya Tisa

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: haya yote ni kweli, sijaongeza hata nukta.

Nilisambaza barua katikati ya mji huu miaka thelathini na nne. Mtaa wetu ulikuwa na milango arobaini na mmoja, na kila mlango niliujua kwa mbwa wake. Kisha wakaja wajenzi. Maghorofa yalipanda kwa kasi kiasi kwamba njiwa alitaga kwenye ghorofa ya tatu, mayai yakaanguliwa kwenye ya saba. Watu nao wakamiminika, mpaka ukitaka kupiga chafya sharti uombe zamu.

Nyumba ya marehemu mama, nilimokuwa nikiishi na dada yangu mkubwa, ilibomolewa kabla chai haijapoa. Fidia yetu ikawa fleti mbili katika jengo jipya, kila mtu yake, kwa kura. Dada akaokota ya chini kabisa. Mimi nikaokota ghorofa ya tisa. Na lifti? "Inakuja," walituambia.

Dada ana magoti mabovu. Mimi nina uvivu tu. Nikamwendea na sauti ya asali.

"Dada, kule juu kaburi la mama linaonekana."

"Acha uongo wako wewe."

"Nife hapa! Nilipanda na mafundi. Marumaru yake nyeupe peee, utadhani sahani mezani."

Akainua macho kwenye ghorofa ya tisa. Zamani alikuwa akienda makaburini kila wiki, hadi magoti yalipomgomea mwaka jana. Tangu hapo hakuwa amefika kwa mama. Akanipa ufunguo wa chini, akachukua wa juu.

Alianza kupanda saa mbili asubuhi. Nilimsindikiza hadi ghorofa ya pili, nikasingizia mgongo. Alifika saa saba mchana.

Wiki tatu sikukanyaga huko. Jirani yake, fundi cherehani, ndiye aliyemwendea sokoni na kumletea mahitaji. Siku moja akanigongea.

"Mzee, dada yako anakuita. Anasema usipopanda leo, atashuka yeye."

Nikapanda, ulimi nje. Nikamkuta kitini, mbele ya dirisha. Ng'ambo, hatua kumi tu, lilisimama ghorofa jingine, nguo za watoto zikining'inia kila kibaraza.

"Karibu, mdogo wangu. Haya, nionyeshe."

"Pale... nyuma ya lile shuka la bluu. Leo kuna ukungu kidogo."

"Makaburi yako upande wa ngazi," akasema taratibu, "na huko hakuna dirisha. Huku kulikuwa na soko. Mimi nimezaliwa mtaa huu. Nilijua siku ile ile nilipofungua pazia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe useme."

Nikamwambia turudishiane funguo, hata sasa hivi.

"Kushuka ndiko kunakoyamaliza magoti. Mimi nitashushwa na wengine, siku yangu ikifika." Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mtoto wa kuiba sukari. "Wewe utalipa kwa miguu. Kila wiki uende kwa mama, kisha upande hapa unieleze ulichokiona. Bila chumvi."

Kesho yake nilikwenda. Niliporudi nilipanda ngazi zote, nikajibwaga sakafuni karibu na kiti chake.

"Haya," akasema.

"Kaburi sikulijua, Dada. Ilibidi nimuulize mchimba makaburi."

Akafumba macho. "Endelea."

"Nyasi zimefika kiunoni. Marumaru imepasuka katikati. Jina la mama limebaki nusu."

"Kuna mtu ameweka japo ua?"

Ulimini nilikuwa nayo bustani nzima, waridi na asumini, na umande juu yake.

"Hapana, Dada," nikasema. "Hakuna aliyekuja."